Nusu ya Nini

Daktari wa zahanati alimwambia Baba apunguze chumvi kwa nusu, na Baba akamuuliza, "Nusu ya nini?"

Baba ni mama mkwe wangu, jina lake Drusilla. Kwetu Wagusii mama ndiye huitwa baba, na mgeni akitusikia mara ya kwanza hutafuta mwanamume nyumba nzima. Daktari alikuwa kijana wa kutoka mbali. Alicheka, akaandika kitu kwenye kadi, akaita mgonjwa mwingine. Presha ya Baba siku hiyo ilikuwa mia moja sabini na mbili ile ya juu.

Tukiwa njiani kurudi alisimama kidogo apumue.

"Nimeuliza swali," akasema. "Nimeuliza vibaya?"

"Hapana, Baba."

"Basi mbona amecheka?"

Nilimshika mkono tukavuka mfereji, na sikujua kwamba wiki hiyo hiyo nami ningekaa mbele ya swali hilo, limeandikwa kwa herufi za kompyuta.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Mteremko wetu, ukishuka kutoka sokoni Ekerenyo, una nyumba tisini na mbili, na wahudumu tulikuwa wawili, mimi na Ogoti. Ogoti alimaliza kidato cha nne na anaandika bila kusimamisha kalamu. Mimi niliishia darasa la nane. Nikiandika, nasoma neno mara mbili kabla sijaenda kwa lingine, kwa hivyo mimi huwa wa mwisho kurudisha fomu.

Mwezi wa kwanza msimamizi wetu, Bwana Omosa, alituita zahanati pamoja na wahudumu wa miteremko mingine akatugawia karatasi mpya.

"Nchi imeweka lengo," alisema. "Ikifika mwaka wa elfu mbili na thelathini, kila mtu awe amepunguza chumvi anayokula kwa asilimia thelathini. Presha imekuwa nyingi. Mnaiona wenyewe huko nyumbani."

Karatasi ilikuwa na safu tatu. Ya mwisho iliandikwa Mwaka, nayo ilikuwa imejazwa. Ya katikati iliandikwa Lengo, nayo ilikuwa imejazwa. Ya kwanza iliandikwa Tulipo. Hiyo ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini.

"Na hapa?" Ogoti aliuliza, akiweka kidole penye weupe.

"Hapo ndipo mnaingia nyinyi. Huko juu hawana hiyo nambari. Waliweka lengo kwanza."

"Ni kama mtu aseme atapunguza mwili kilo kumi, na hajawahi kupanda mizani," Ogoti alisema. Watu walicheka, na Bwana Omosa naye akacheka, kwa sababu si mtu mbaya. Kisha akatuambia lile lingine. Kuanzia mwezi wa nne kila mteremko utabaki na mhudumu mmoja. Atakayebaki ni yule ambaye ripoti yake itasimama.

Ogoti hakuniangalia. Mimi pia sikumwangalia.

Niseme kwa nini nilitaka kubaki. Kabla ya kazi hii, katika zile nyumba nilikuwa bibi ya Momanyi, yule anayechuma majani chai Kericho. Nikiingia mahali natumwa nilete kiti. Sasa nikiingia naletewa mimi kiti. Nafungua daftari, na watu wazima wananingoja nipate ukurasa. Mtu wa darasa la nane hangojwi na watu mara nyingi.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi. Kila mmoja achague nyumba kumi na mbili, ahesabu pakiti za chumvi zinazokwisha kwa wiki mbili, agawanye kwa watu na kwa siku. Ogoti alichukua nyumba za juu. Alikaa alasiri moja dukani kwa Mogire, akanywa soda, akamuuliza Mogire nani hununua ngapi, akamaliza. Mimi nilichukua za chini. Kila nyumba niliiachia mfuko wa kuwekea pakiti tupu, nikawa napita kila siku ya pili kuangalia kama mfuko haujageuzwa kuwa wa kuwashia moto.

Wiki mbili zikaisha. Nikagawanya usiku nikakosea, nikagawanya tena asubuhi. Jibu lilikuwa gramu kumi na tano kwa mtu mmoja kwa siku. Nikamuuliza Ogoti lake. Naye alikuwa na kumi na tano.

"Unaona," aliniambia. "Wewe umetembea siku kumi na nne, mimi nimekunywa soda, na tumefika mahali pamoja. Shule ni kitu kizuri, Phanice."

"Soda ndiyo nzuri," nikamjibu.

Lakini ile kumi na tano haikuketi vizuri kichwani mwangu. Mimi ndiye hupika nyumbani kwetu. Tuko wanne, Baba, mimi na watoto wangu wawili. Kwa hesabu ya pakiti kila mmoja wetu alikuwa anakula gramu kumi na sita. Nilipima gramu kumi na sita kwa ile mizani ndogo ya betri tuliyopewa ya kupimia unga wa lishe. Nikamwaga chumvi hiyo kwenye sahani, nikaiangalia. Ilikuwa rundo. Nilijua sijawahi kuweka rundo kama hilo mara nne kwa siku katika sufuria zangu. Mboga yangu ya chinsaga ingekataliwa hata na kuku.

Basi nikaanza kuangalia. Sikuuliza mtu. Siku ya tatu, asubuhi, Baba alikuwa anakwenda kukamua. Alipita jikoni, akatia mkono kwenye kopo la chumvi, akatoka amefumba ngumi. Kule zizini alifungua kiganja, na ng'ombe wetu mweusi akalamba taratibu hadi katikati ya vidole. Jambo hilo nilikuwa naliona kila asubuhi kwa miaka sita, tangu niolewe. Kuliona nilikuwa naliona. Kuliangalia ndiyo mara ya kwanza.

"Baba, hiyo chumvi ni ya wapi?"

"Ya jikoni. Kuna nyingine?"

"Si kuna ya mawe, ya ng'ombe?"

"Iko mbali, Magwagwa. Uende wewe."

"Lakini nilipokuja na daftari hukuniambia ng'ombe anakula."

Baba aliweka ndoo chini ya kiwele, akaketi. "Uliniuliza nyumba hii inatumia pakiti ngapi. Nikakuambia. Kwani ng'ombe analala kwa jirani?"

Hata mimi nikiulizwa watu wa nyumba yetu wanaendeleaje, nasema wazima, maziwa yamepungua kidogo. Ng'ombe yumo. Fomu ilisema "nyumba inatumia", na mteremko mzima ulijibu vile ulivyoulizwa.

Siku hiyo nilirudi kwa zile nyumba kumi na mbili. Tisa zilikuwa na ng'ombe anayelamba chumvi ya jikoni. Mama Nyasani, ambaye ni mjane na hana mtu mwingine nyumbani, alishangaa nikimuuliza.

"Sasa huyo pia anahesabiwa?"

"Anahesabiwa kando, Mama."

"Mtampima na presha?"

"Yeye yuko sawa. Nataka tu nijue wewe unakula kiasi gani."

"Mimi na yeye tunakula pamoja," alisema. "Yeye ananipa maziwa, mimi nampa chumvi. Tangu mzee afe hakuna mtu mwingine ninayepeana naye kitu kila siku." Hata hivyo alikubali.

Nilitafuta makopo. Kila nyumba ikawa na mawili, moja la watu na moja la ng'ombe, nikapima yote mawili siku ya Jumapili na nikapima tena Jumapili iliyofuata. Waadventista walifurahi kwamba siku yangu si Jumamosi. Wakatoliki walinilaumu kwamba nawapata wakitoka kanisani na njaa. Mteremko mzima ulipata la kunitania. Nikipita mtu ananiita, "Daktari wa ng'ombe, njoo uone mbuzi wangu," na mimi nasema mbuzi ni wiki ijayo.

Kopo la watu lilitoa jibu lake. Gramu tisa kwa mtu kwa siku.

Ila nyumbani kwetu halikutoa tisa. Lilitoa kumi na moja, hata baada ya kumtoa ng'ombe. Nikaangalia tena. Siku ya pili saa kumi nikamkuta Baba nyuma ya jikoni ameketi juu ya gogo, nusu ya avokado mkononi, kopo la watu kati ya miguu. Alikuwa anainyunyizia kama mtu anayepanda mbegu.

"Baba. Ulisema umepunguza."

"Kwenye chakula nimepunguza. Uliza watoto, mboga haina hata ladha."

"Na hii?"

Aliitazama avokado. "Hii si chakula. Hii ni avokado. Bila chumvi ni sabuni."

Niliketi naye. Nilipima alichoweka kwenye nusu ile, ikawa gramu mbili, na Baba kwa siku hula nusu tatu au nne. Hiyo ndiyo iliyokosekana. Sikumlaumu. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza juu ya avokado, wala mimi ninayeishi naye.

Tarehe ya kurudisha fomu ilipofika nilikwenda zahanati na daftari lote. Ogoti alikuwa ametangulia, fomu yake ilikuwa mezani imepigwa muhuri. Bwana Omosa alisikiliza habari ya makopo mawili mpaka mwisho. Aliuliza maswali mazuri. Alicheka mahali pa avokado. Kisha akafunga daftari langu polepole.

"Phanice, umefanya kazi kubwa. Lakini andika kumi na tano."

"Kumi na tano ina ng'ombe ndani."

"Najua. Hebu sikiliza. Asilimia thelathini ya kumi na tano ni nne na nusu. Ukitoa, lengo letu linakuwa kumi na nusu. Nyinyi mnakula ngapi?"

"Tisa."

"Basi tayari tumefika. Hakuna mtu atasumbuliwa. Ukiandika tisa, lengo linakuja karibu na sita. Utaenda kwa Mama Nyasani umwambie ale sita?"

Nilifikiri juu ya jambo hilo. Nilisikia ndani kwamba hanidanganyi. Alikuwa anatuonea huruma, na labda alikuwa anajionea huruma yeye pia.

"Lakini tukifika bila mtu kupunguza," nikasema, "presha itashuka na nini?"

Alisema, "Fomu haina safu ya ng'ombe. Na nambari za mteremko mmoja zikipishana, nitalazimika kuchukua iliyo kamili. Ya Ogoti ni kamili. Unajua orodha inatengenezwa wiki hii."

Nilijua. Aliniwekea kalamu. Nilisoma lile neno, Tulipo, mara mbili kama kawaida yangu. Niliona kile kiti ninacholetewa, niliona na ngumi ya Baba ikifunguka mbele ya ulimi wa ng'ombe. Nikaandika tisa. Chini yake nikaandika, kwa herufi ndogo ili zienee, "watu tu, nyumba kumi na mbili". Nikaweka sahihi.

Bwana Omosa aliitazama fomu kwa muda. "Haya," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira.

Orodha ilipobandikwa mwezi wa nne ilikuwa na jina la Ogoti. Nilirudisha aproni ya kazi, nikarudisha mizani. Daftari lilikuwa langu, nililinunua mwenyewe, nikabaki nalo.

Sitasema haikuniuma. Wiki ya kwanza nilipita mbali na zile nyumba ili nisiitwe. Lakini Baba alikuwa bado na presha, na sasa angalau tulijua nusu ya nini. Kumi na moja kwa wote, na yake peke yake, pamoja na avokado, kama kumi na tano. Kabla sijarudisha mizani nilikuwa nimepima kifuniko cha soda. Kikijaa chumvi na kusawazishwa kwa kidole, kinabeba karibu gramu tano. Sisi tulianza na vifuniko viwili. Kila asubuhi nilimpimia Baba vyake viwili kwenye kikombe, na hiyo ndiyo ilikuwa ya siku nzima, aiweke kwenye mboga, aiweke kwenye avokado, shauri yake. Wiki ya kwanza alimaliza yote kabla ya chakula cha jioni akala ugali na mboga isiyo na chumvi huku akinitazama. Wiki ya tatu kikombe kilikuwa kinabakisha. Mwezi wa sita tukashuka hadi kifuniko kimoja na nusu, na presha yake ikawa mia moja hamsini na moja. Daktari yule kijana aliuliza amebadilisha nini. "Nimepata nusu," Baba akamwambia.

Mwezi wa saba Ogoti alikuja nyumbani na uso wa mtu aliyekunywa chai ya jirani kwa makosa.

"Kuna mgeni anakuja kesho," alisema. "Anatoka ofisi ya mjini Kisii, anaitwa Kaltuma. Fomu mpya ilikuja ikauliza watu tu, na mizani. Nikapima kama wewe, nyumba zile zile zako za chini. Nikapata tisa."

"Si ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo. Lakini kwa karatasi tulikuwa kumi na tano. Sasa sisi ndio mteremko uliopunguza kuliko wote. Asilimia arobaini, miezi michache. Anakuja kujifunza siri yetu." Alijipangusa shingo. "Bwana Omosa amesema tumlete kwa Baba, kwa sababu presha yake imeshuka."

Kesho yake walikuja watatu. Kaltuma alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye Kiswahili kinachoteleza hata nikaona aibu ya changu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Bwana Omosa alikubali chai akaitazama sana.

"Mama Drusilla," Kaltuma alisema, "hongera. Nimekuja unieleze mlivyoweza kupunguza chumvi namna hii."

"Nani amepunguza?" Baba aliuliza.

"Nyinyi. Mteremko wenu."

"Mimi nimepunguza. Huyu hapa ananipimia kama mgonjwa wa akili. Wengine wako vile vile. Ni ng'ombe ametolewa."

"Ng'ombe ametolewa wapi?"

"Kwenye kitabu," Baba alisema. Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na makopo mawili akayaweka mezani mbele ya mgeni. Akamweleza moja la nani na lingine la nani, na kwa nini la ng'ombe ni kubwa. Alieleza bila haraka, kama anavyomweleza mtoto njia ya sokoni. Kaltuma alisikiliza. Alitoa fomu ya kwanza kwenye mkoba, akaikunjua, akamtazama Bwana Omosa, ambaye bado alikuwa na chai yake.

"Ni nani aliyetenganisha?" aliuliza.

Niliinamisha kichwa. Ogoti ndiye aliyejibu. "Ni Phanice. Mimi nilikaa dukani kwa Mogire."

"Na Phanice hayumo kwenye orodha."

"Hayumo," Bwana Omosa alisema. "Fomu yake ninayo. Sikuituma."

Nje ng'ombe alilia mara moja, na mtoto wangu mdogo akacheka peke yake. Kaltuma aliomba daftari. Alifungua ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikaketi nikimngoja, kama wengine walivyozoea kuningoja mimi. Alipomaliza alipiga mstari juu ya kumi na tano.

"Niandike tisa kwa mteremko wote?"

"Hapana," nikasema. "Ogoti amepima zile zile kumi na mbili. Themanini zilizobaki sijui."

"Hujui."

"Sijui. Kule juu wana ng'ombe wachache na watoto wengi. Inaweza kuwa zaidi."

Aliandika tisa, na kando yake nyumba kumi na mbili. Mahali pa zile nyingine aliandika kwa herufi kubwa, haijulikani. Bwana Omosa aliiangalia ile karatasi ikipita mbele yake na hakusema kwamba haina safu.

Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe kwa pikipiki, jioni, tukiwa tunachambua mboga. Hakushuka kwanza. Alinyoosha mkono akanipa mizani, imefungwa ndani ya aproni yangu.

"Wahudumu wawili kwa mteremko huu," alisema, "mpaka nyumba zote zipimwe. Makopo mawili mawili."

"Na zikishapimwa?"

Alifikiri. "Sijui," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akitumia neno hilo. Kisha akamsalimia Baba, akauliza ng'ombe anaendeleaje, akaenda.

Baba alikuwa bado na chinsaga mapajani. Alihesabu kitu kwa midomo.

"Nyumba themanini, kopo mbili mbili," alisema. "Hayo makopo yote utatoa wapi?"

Niliingia jikoni nikatafuta juu ya dari na chini ya meza na nyuma ya kuni. Niliyapanga mlangoni, nikayahesabu mara mbili. Yalikuwa saba.